Kiti Chetu Katika Baraza la Madaktari wa Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini, daktari mkuu hakunionyesha chumba cha kutibia. Alinipeleka moja kwa moja kwenye vinu vya ngano vya kiwanda kimoja cha unga hapa Bujumbura, akanisimamisha katikati ya vumbi jeupe mpaka nikaanza kupiga chafya. Ndipo akasema, "Dokta, hospitalini wanamuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Sisi tunamuuliza anafanya kazi gani." Hiyo ndiyo tiba ya kazi, niliyoifanya hadi kustaafu.

Chombo chetu kikuu kilikuwa spirometa: mtu anapuliza kwa nguvu kwenye mrija, nacho kinaonyesha mapafu yake yanatoa pumzi kiasi gani. Mama Godeliève, mjaza mifuko kutoka mtaa wa Carama, alipuliza vizuri kila alipotoka likizoni. Akishakaa kinuni juma moja, kifua kinalia kama filimbi. Ilikuwa pumu ya unga. Niliomba feni za kufyonza vumbi. Mkurugenzi wa kiwanda akanijibu kwa upole kwamba hakuna kanuni inayomlazimisha, na kweli haikuwepo.

Ndiyo sababu nikajitosa katika chama chetu cha madaktari wa kazi. Tulikuwa wachache mno, lakini wenzangu wakanichagua niwawakilishe kwenye kamati ya kanda, inayounganisha vyama vya nchi jirani. Baada ya miaka, kanda nayo ikanituma kukalia kiti chake katika baraza la kimataifa, ambako mwongozo wa vumbi viwandani ulikuwa unaandaliwa. Kabla ya safari nilimwomba Mama Godeliève ruhusa ya kuwasimulia habari zake. Akafikiri kidogo.

"Uwaambie, mama dokta. Lakini usiseme niko mugonjwa tu. Sema niko fundi wa ile kazi."

Sijaona tena ukumbi kama ule. Mataifa yalikaa safu kwa safu, na nyuma ya vioo wakalimani walikuwa wakigeuza kila neno katika lugha zao. Siku ya pili ikaletwa hoja: kanda zenye wanachama wachache zinyang'anywe viti, zisemewe na nchi kubwa. Rais wa baraza akauliza kama kuna anayepinga. Mkono wangu ulipanda kabla sijajua nitasema nini.

"Asubuhi ya leo sote tumekula mkate," nikaanza, kwa Kifaransa. Nikawaeleza juu ya fundi wa Carama anayejaza unga, na namna anavyopumua. "Nani ataweza kumsemea, ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kukisikia kifua cha fundi huyo?"

Ukimya ulikuja kwa mafungu. Walionyamaza kwanza ni waliojua Kifaransa, halafu safu baada ya safu, kadiri wakalimani walivyonifikia. Mama mmoja wa Carama alikuwa ameingia katika masikio yote yale.

Mjumbe aliyeileta hoja akasimama, akasema kwao pia waoka mikate wanakohoa hivyo hivyo, akaiondoa. Kiti kikabaki. Mwongozo ulipopitishwa, mkurugenzi wetu aliusoma, akaagiza feni.

Leo nimestaafu, nakaa mtaa wa Kibenga, na kiti kile anakalia daktari mdogo kuliko wanangu. Vijana huniambia mikutano ni maneno matupu. Siwabishii sana.

Juzi Mama Godeliève alinialika harusi ya binti yake. Ugonjwa wake tuliuwahi mapema. Kanisani aliimba na kwaya. Wimbo ulipofika mwisho wenzake wakanyamaza, yeye akaendelea kuishika sauti ile moja, juu, mpaka bibi harusi akageuka kumtazama. Nimepima pumzi za watu maisha yangu yote. Ile sikuipima. Nilisimama tu, nikasikiliza.