Petroli Kwenye Gari la Dizeli

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha mafuta pale Nyakato nilivaa viatu vya kanisani, nikarudi navyo vimelowa dizeli. Meneja, mtu wa Bukoba, alinifundisha kwa maneno machache. "Mteja akiingia, muulize mafuta gani. Akijibu, rudia kwa sauti. Mwonyeshe sifuri kwenye pampu, ndipo ujaze." Kila asubuhi tulitumbukiza fimbo ndefu kwenye tangi la ardhini, tumeipaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Siku hizi mashine inawasomea kila kitu, nanyi vijana wa pampu mmesimama na simu. Haya.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio alipoingia mzee mmoja na pikapu. Alikuwa amemtoa mkewe hospitalini, anampeleka nyumbani Misungwi. Mimi nami Msukuma wa huko huko. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Binti wa nani wewe?"

Basi ikawa ukoo, ikawa mvua, ikawa ng'ombe. Kumkatisha mzee nimuulize mafuta gani niliona ni kukosa adabu. Nilipoinuka nikashika mpira wa pampu uliokuwa karibu, nikajaza.

Tangi limefika nusu ndipo nikaona kifuniko kimeandikwa dizeli. Nilichomimina ni petroli. Nikinyamaza, gari litazimika njiani mbele ya Buhongwa, yule mama mgonjwa akae juani barabarani, na mimi nisijulikane. Nikisema, kazi sina. Mzee alikuwa ameshashika ufunguo.

"Baba, usiwashe!"

Meneja akatoka ofisini, akaona mpira wa petroli mkononi mwangu. "Limewashwa?"

"Bado."

"Basi injini haijaumia." Akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee wangu. Tumekukosea. Tupe muda tuyatoe haya mafuta."

Hakusema huyu binti amekosea. Alisema tumekukosea. Akamkalisha yule mama kwenye kiti chake cha ofisini, akakunja mikono ya shati, akaingia chini ya gari kufungua nati ya tangi. Nilimshikia ndoo huku nalia.

"Utalia baadaye," akaniambia. "Shika vizuri."

Walipoondoka nilivua koti la kazi nikampa. Akaliangalia. "La nini hilo? Kuna gari linakusubiri."

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Siku aliyostaafu alikuja kuniaga kwenye pampu yangu, begi mkononi. Asante yangu nilikuwa nayo mdomoni tangu siku ile ya pikapu. Lori likaingia. "Bosi, nisubiri kidogo," nikasema. Nilipomaliza kulijaza, gari lililokuja kumchukua lilikuwa limeshaondoka. Nikajiambia nitamfuata kwao Bukoba. Mwaka ukapita, na mwingine. Habari za msiba wake zilinifikia akiwa ameshazikwa.

Sasa nami nimestaafu, mafuta ni ya kuwaachia wengine. Lakini bodaboda niliyopanda ikiingia kituoni kujaza, nashuka, nasogea karibu na mlango wa ofisi, nawaangalia usoni wanaotoka. Najua alishakufa. Namtafuta tu.