Chetezo Kwenye Kibanda cha Betri

Mwaka wa hamsini na tisa, mtu wa Konde akitaka redio yake iseme, alimwona Silima Pandu kwanza. Kibandani kwake mlikuwa na injini inayokohoa kama mzee wa tumbaku, na sanduku la chuma lenye mishale ya kupimia na swichi mbili za kuzungusha. Ya kushoto ilipanga volti, yaani nguvu ya kuusukuma umeme. Ya kulia iliziwekea mpaka ampea, kiasi cha umeme kinachopita. Betri tupu ina ulafi wa mgeni wa karamu: iachie, itabugia mpaka iungue. Swichi ya kulia huizuia. Ikikaribia kushiba, volti hupanda hadi pale ilipopangwa kushoto, husita hapo, na ampea hupungua zenyewe. Silima aliwaeleza hayo wateja wote, hata wasiouliza.

Sheria yake ilikuwa moja: sigara marufuku. Betri ikisukumwa kupita kiasi hutokota na kutoa hewa isiyoonekana, inayolipuka kwa cheche tu. Ndiyo maana dirisha lilikuwa wazi siku zote.

Isipokuwa siku ile. Tangu asubuhi mishale ya sanduku ilitetemeka, na mama yake, Bi Mwatum, alishatoa hukumu: "Macho ya watu hayo, mwanangu. Wanachungulia mno. Funga dirisha."

Silima, bingwa wa volti, akafunga. Husuda haina swichi.

Adhuhuri akaja Ngwali, dereva wa lori, na betri iliyokufa. Abiria wa maulidi ya Wete walishapanda.

"Silima, betri unaichaji au unainyonyesha?"

"Njoo alasiri."

"Alasiri! Nna mashehe wanaokaangika juani kule. Zungusha, bwana! Au swichi hizo za mapambo?"

Silima akazungusha, zote mbili. Kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mshale ukagusa alama nyekundu. Betri ikanong'ona, halafu ikatokota. Harufu kali ikawakaba koo. Ngwali akaacha mzaha, akarudi nyuma hadi ukutani.

Mlango ukafunguka. Bi Mwatum huyo, chetezo mkononi, makaa yamewiva.

"Nimekuja kuifukizia mashine, jicho litoke."

Sheria ilikataza sigara. Konde nzima hakuna aliyeuhesabu ubani kuwa moto. Ubani ni baraka. Hata Silima hakuwahi.

"Mama, toka!"

"Unanifukuza? Mie?" Akaingiza mguu.

Silima akakidaka chetezo kwa viganja vitupu, akatoka nacho mbio, akakitupa uani. Aliporudi, ngozi ya vidole imembabuka, Ngwali alikuwa ameshika waya wa betri, tayari kuuchomoa.

"Usiguse! Cheche moja na sote hatupo. Fungua dirisha!"

Akazishusha swichi mwenyewe, taratibu, huku akiuma meno, kwa vidole vilevile. Mshale ukarudi chini polepole, kana kwamba bado unafikiria.

Ngozi mpya iliota, laini kama ya mtoto, isiyohisi kitu. Zamani Silima alizijua swichi kwa kuzigusa tu, huku akipiga soga. Sasa alilazimika kuikodolea macho mishale kila anapozungusha, nayo bado ilitetemeka. Injini ilipowashwa tena, Bi Mwatum aliketi kizingitini bila chetezo.

"Umezungusha, mwanangu?"

"Sijui, mama. Tazama mshale."

Mshale ulikuwa unapanda.