Miguu ya Ndayisaba

Fundi Sibomana alikuwa mtu wa maneno mengi na mishono midogo. Ukimpelekea shati linalobana kwapani, atakukaripia kwanza kwa kunenepa bila kumwarifu, kisha atalifumua na kulishona upya, na hutaona lilipofumuliwa. Pale Gisenyi, katika mtaa wa Waswahili, cherehani yake ilikuwa imekaa kwenye baraza ya duka moja la vitambaa tangu mwaka wa arobaini na moja. Mvua ikipiga kutoka ziwani, aliisogeza hatua mbili ndani. Ikikatika, aliirudisha hatua mbili nje. Ndiyo maisha yake hayo. Yeye na mkewe Saidati walijaliwa mtoto mmoja tu, Zuberi, ambaye surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Watu waliendelea kuwaita Baba Zuberi na Mama Zuberi, nao waliitika.

Sasa, mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa pili, Fundi alikuwa anatoka soko la Mahoko kwa baiskeli, kaptura kumi na mbili za wateja zimefungwa nyuma. Kwenye mteremko, kamyoneti iliyokuwa ikija nyuma yake ikamkwepa mbuzi. Mbuzi alipona. Fundi akarushwa mtaroni, mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili.

Dereva alikuwa kijana wa Kanama, anaitwa Ndayisaba, na gari hilo alikuwa nalo kwa majuma sita tu. Mwingine angekanyaga mafuta akapotea, tunawajua. Huyu alishuka, akalia kwanza, kisha akamnyanyua Fundi kama mtoto, akamlaza juu ya magunia ya viazi, akampeleka hospitali. Fundi, pamoja na maumivu yote yale, alimkaripia njia nzima.

“Polepole, we! Umeshanivunja mguu, unataka na shingo?”

“Samahani, Fundi. Samahani sana. Mi sikuona we.”

“Mbuzi umemwona!”

Polisi walipomwomba Ndayisaba karatasi ya asiransi, yaani bima ya gari, aliingiza mkono mfukoni akawapa cheti cha ubatizo. Ndiyo karatasi pekee aliyokuwa nayo. Hiyo bima alisema angeilipia viazi vikishauzwa. Basi, kamyoneti ikazuiliwa kwenye ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, mpaka siku atakapoleta karatasi, na Fundi akafungwa plasta kutoka wayo hadi pajani.

Hapo ndipo balaa lilipokuwa. Mguu uliofungwa plasta hauingii chini ya cherehani, na cherehani isiyokanyagwa ni meza tu. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nusu ya wanaume wa mtaa ule walikuwa wameshanunua kitambaa cha kanzu za Idi, na kila mmoja alikuja kumpa pole mgonjwa huku akiuliza kwa upole, kwa mbali, kama kitambaa chake kimeshakatwa. Wakienda kwa fundi mwingine mwaka huu, mwaka ujao hawatarudi. Fundi alilijua hilo vizuri.

Siku ya shauri walimbeba kwenye machela ya mianzi, watu wanne mabegani. Mmoja wa wale wanne alikuwa Ndayisaba mwenyewe, maana mbebaji mmoja hakutokea asubuhi ile. Watu wa mtaani walicheka kuona mshtakiwa amembeba mshtaki wake kumpeleka kwenye baraza la hukumu, na Fundi juu ya machela akawa anamwambia, “Mbuzi huyo! Angalia mbuzi!”

Karani wa baraza, Munyaneza, alisoma mambo yote, akavua miwani.

“Bon,” akasema, kwa Kifaransa chake cha ofisini. “Gari ingekuwa na asiransi, asiransi ingelipa. Haina. Donc, basi, huyu atalipa mwenyewe, na akishindwa, kifungo. Fundi, unataka fidia gani?”

Fundi alimtazama kijana. Kofia mkononi, shati limechanika begani, na chini miguu mitupu, mipana, ya mtu aliyepanda na kushuka milima tangu alipojua kutembea. Aliitazama ile miguu kwa muda.

“Huyu hana kitu,” akasema. “Mukimfunga, mi nitakula kifungo chake? Nataka miguu.”

Baraza zima likaangua kicheko.

“Munacheka nini? Mikono yangu mizima, macho yangu mazima. Nilichokosa ni miguu, na huyu anayo miwili. Aje akae mbele ya cherehani yangu, akanyage, mi nishone.”

Munyaneza aliandika. Ndayisaba atakanyaga cherehani ya Fundi Sibomana kila siku ya kazi, mpaka mguu wa Fundi upone. Halafu akainua kalamu.

“Na nani atasema kwamba umepona?”

“Mguu ni wa nani?” Fundi akamjibu. “Si wangu? Mi mwenyewe nitasema.”

Wakaweka dole gumba, wote wawili.

Siku za kwanza zilikuwa za kuchekesha na kuudhi. Ndayisaba alikaa kwenye kigoda upande wa pili, uso kwa uso na Fundi, miguu yake imepenya chini. Alikanyaga kama anayepanda mlima. Sindano mbili zilikatika kabla ya adhuhuri, na kola moja ikashonwa ikaungana na mkono.

“We unakimbilia wapi? Kigali?”

“Fundi, mi sijui hii mashini. Haina breki.”

“Breki ni mimi! Nikisema simama, simama.”

Ikabidi wasemezane kwa lugha ya gari. Gia ya kwanza ilikuwa ya kola na mifuko, ya pili ya mabega, ya tatu ya mishono mirefu ya kanzu. Wateja walikaa barazani kusikiliza tu, “Gia ya pili! Toa! Breki, breki, jamani!” Lakini kufikia katikati ya Ramadhani Fundi hakuwa na haja ya kusema tena. Akipunguza mkono, mguu wa kijana ulikuwa umeshapunguza. Kanzu za Idi zilitoka zote thelathini na moja, na Ndayisaba, Mkristo wa Kanama, hakula mchana hata siku moja mbele ya Fundi mwezi ule mzima. Hakuambiwa na mtu.

Alitembea kutoka Kanama alfajiri na kurudi jioni. Siku za mvua kubwa Saidati hakumruhusu kuondoka. Alimtandikia mkeka chumba cha nyuma, na asubuhi alimjazia sahani hadi maharage yakamwagika pembeni.

“Mama, inatosha.”

“Kula. Miguu haikanyagi kwa njaa.”

Mwezi wa sita plasta ilitolewa. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe kidogo, mkaidi, na Fundi akaanza kujikokota kwa fimbo. Kisha ikaja Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ndayisaba alikuwa kwao, maana Jumapili ni ya misa. Mama mmoja akaja mbio na kaptura ya shule ya mwanawe, imechanika matakoni. Fundi akakaa, akaingiza kitambaa chini ya sindano, akashona. Alikuwa ameshakata uzi alipogundua kwamba miguu iliyokanyaga ni yake mwenyewe.

Saidati aliona toka mlangoni. “Alhamdulillah! Baba Zuberi, umepona!”

“Nyamaza,” Fundi akasema. Na akatazama pembeni.

Nyinyi mnaosoma msimhukumu haraka. Mzee huyu alikuwa amekaa miaka kumi na tano akiitazama barabara mbele ya cherehani yake. Sasa mbele yake palikuwa na uso, uso wa kijana anayecheka meno nje, anayeuliza maswali ya kipumbavu, anayemwita Muzee na kumsogezea chai kabla haijapoa. Zuberi angekuwa na umri ule. Alimpenda, basi. Jumatatu asubuhi alikaa, akaweka fimbo ukutani, akasema mguu unauma, na Ndayisaba akaingiza miguu yake chini ya cherehani. Saidati alikuwa anachuja chai ndani. Alisikia, akaendelea kuchuja, maana hata yeye alikuwa ameshazoea sahani tatu.

Yakapita majuma manane hivyo. Kisha siku moja, katikati ya mshono wa suruali, Ndayisaba akapoteza mwendo, uzi ukakatika.

“Una nini leo?”

“Mi niko na muchumba, Fundi. Mukamurenzi, wa huko kwetu. Baba yake amesema maharage yakivunwa kama sijakuja kumuomba, atamupa mwalimu.”

“Si uende ukamwombe?”

“Na nini? Gari iko teritwari, mi niko hapa kila siku. Nitapata asiransi na kazi gani? Nitamuambia baba yake mi ni mutu wa kukanyaga?” Akacheka kidogo, akaunga uzi. “Lakini mguu yako utapona, Muzee. Mi nitangoja.”

Jioni ile Saidati alikung'uta mkeka kwa nguvu ambayo mkeka haukustahili.

“Umesikia alivyosema?”

“Nimesikia.”

“Sasa unamfanya nini mtoto wa watu?” Akautupa mkeka chini. “Na mimi pia nampenda, usidhani. Nikisikia mlango asubuhi najua ni yeye. Lakini Zuberi tulinyang'anywa, Sibomana, tukajua kunavyouma. Leo sisi ndio tunaonyang'anya.”

Alikuwa hajamwita kwa jina lake kwa miaka mingi. Fundi alijaribu kuswali Isha, akakosea rakaa, akaanza tena, akakosea tena.

Alhamisi, baada ya chai, alimwambia Ndayisaba, “Toa miguu.” Kijana akaitoa. Fundi akaweka ya kwake, akashona mguu mzima wa suruali, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, bila kusimama.

“Tangu Jumapili ya kwanza ya Agosti,” akasema.

Ndayisaba aliitazama ile suruali. “Tangu Agosti?”

“Ndiyo. Nilitaka uendelee kuja. Sina sababu nyingine, na hiyo si sababu. Nisamehe.”

Kijana akachukua kofia yake. Hakutukana, hakupiga meza. Alishuka barazani akaenda zake kwa hatua zile ndefu, na chai yake ikabaki nusu kikombe. Saidati ndiye aliyekuja kuchukua kikombe.

Majuma mawili Fundi alishona mwenyewe. Mishono ilikuwa mizuri, hakuna sindano iliyokatika. Mteja mmoja alinenepa sana na Fundi hakumwambia neno, hata yule mteja akaogopa akauliza kama anaumwa. Saidati alitaka kukiondoa kile kigoda cha upande wa pili. “Kiache,” Fundi akasema.

Jumatano ya juma la tatu, honi ikalia barabarani, ikalia tena, mpaka watu wakatoka. Kamyoneti ilisimama sawasawa mbele ya baraza. Ndayisaba akashuka na karatasi mkononi, shati limepigwa pasi, uso mkavu. Ndugu zake walikuwa wameuza mbuzi na viazi vya msimu mzima.

“Soma, Fundi. Hii si ya ubatizo.”

Fundi akasoma. Kweli, ilikuwa ya bima. “Hongera,” akasema. Akamrudishia.

“Nimekuja na shauri. Karatasi ya Munyaneza ilisema mpaka mguu upone. Mguu ulipona Agosti. We ulichukua karibu majuma tisa yangu, bure.”

“Ni kweli.”

“Mi nataka fidia.”

Fundi akaiweka mikono yake juu ya cherehani. “Ni haki yako. Taja.”

“We uko na asiransi?”

“Asiransi ya nini, we? Ya cherehani?”

“Donc hauna. Donc utalipa mwenyewe, na mwili, kama mi nililipa.” Hapo uso wake mkavu ukaanza kumshinda. “Jumamosi naenda kumuomba Mukamurenzi. Kijana haendi kujiombea, baba yake ndiye anasema. Baba yangu alikufa mi nikiwa mudogo. Baba wadogo wako wawili, wanagombana juu ya shamba, hawawezi kukaa mukeka mumoja. Nani atasema kwa ajili yangu?” Akaikunja karatasi. “Hiyo ndiyo fidia. Uende kusema we.”

Fundi Sibomana, mtu wa maneno mengi, alishika mkasi, akauweka. Akajifuta macho kwa kipande cha amerikani, na bado haoni.

“Mi ni Mwislamu,” akasema mwishowe.

“Wanajua.”

“Patakuwa na pombe pale.”

“Watakunywa wao. We tutakupa maziwa.”

“Na kile kilima cha kwenu, na mguu huu?”

“Muzee, gari iko!”

Saidati alikuwa mlangoni, analia waziwazi, na bado alipata nafasi ya kugomba. “Jumamosi ipi, hii? Na koti gani? Lile lako limekwisha viwiko, Baba Zuberi! Utakwenda kumwombea mtoto mke na viwiko vimetoka nje?”

Fundi alikuwa ameshainuka. Alichagua kitambaa cha rangi ya kijivu dukani, akakipima kifuani mwake mwenyewe, akachukua mkasi. Koti zima kwa siku mbili, lenye bitana na mifuko minne, si mchezo. Alikaa, akakisogeza kile kigoda kwa ncha ya fimbo.

“Mguu unauma,” akasema.

“Kweli, au kama Agosti?”

“Kama Agosti,” Fundi akajibu.

Ndayisaba akavua viatu vyake vipya, akaviweka kando ya ukuta, akaingiza miguu chini ya cherehani.

“Gia gani, Baba?”