Meli Iliyokuwa Mahali Pawili

Kazi yangu naifanyia nyumbani, mtaa wa Umoja, kwenye meza ya kulia ya mama. Napima vile vifaa ambavyo meli hubeba ili setilaiti ijue ziko wapi. Natuma amri kwa kompyuta, kifaa kinajibu, na kikijibu inavyotaka sheria, meli inapewa cheti. Bila cheti haitoki bandarini.

Siku hiyo nilikuwa na meli ya mizigo iliyofunga gati Mombasa. Kifaa kilijibu upesi, bila kasoro, ila kilisema meli iko mbali baharini, inaelekea kusini. Nikampigia nahodha.

"Kapteni, mmeshaondoka?"

"Tuende wapi, mwanangu? Niko gatini. Hapa naona watu wanapakua mchele."

Nikarudia kipimo. Meli ilikuwa imesonga mbele kidogo. Nikakagua namba ya kifaa niliyopewa, nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikawaza labda mzee ananidanganya, lakini anidanganye ili iweje?

Mama alikuwa akichambua maharagwe upande wa pili wa meza. "Mbona unajisemesha?"

"Meli iko bandarini, mum, na iko baharini."

"Si uiulize?"

"Nimeiuliza. Hapo ndipo nimechanganyikiwa."

Nikamwomba nahodha akizime kifaa kabisa. Akakizima. Nikatuma amri, na kifaa kikajibu. Basi kilichonijibu hakikuwa chake.

"Kapteni, nisomee namba iliyo ubavuni mwake."

Haikuwa namba yangu. Nahodha akasema polepole kwamba meli yake na nyingine ya mmiliki huyo huyo zilikarabatiwa pamoja, na vifaa vyote viwili vikashushwa ili milingoti ipakwe rangi. "Watakuwa wamevibadilishana wakati wa kuvirudisha."

Tulirekebisha usajili, na jioni meli yake ikafaulu. Nilipomweleza mama, aliuliza, "Na ile nyingine ingezama, wangeitafuta wapi?"

"Gatini," nikasema, nikasikia nilichokisema.

Nahodha alinipa namba ya simu ya wenzake wa meli ile nyingine. Aliyepokea alikuwa kijana wa zamu, upepo ukivuma nyuma yake. Nikamwambia kwamba kwa muda wote huo, huku bara walihesabiwa kuwa wako Mombasa, na kwamba sasa mambo yamerekebishwa.

 Akauliza kwa upole, "Na wewe uko wapi?"

"Umoja. Nairobi."

"Nairobi kuna bahari?"

"Hapana," nikasema. "Lakini sasa huku tunajua mko wapi."