Chumba Mgongoni mwa Pikapu

Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake, na wala hawakuwa wakimsifu. Walimpita barabarani wakipiga honi, mkono nje ya dirisha, wakimwambia akafuge kuku. Yeye aliwapungia tu. Mbele ya safari aliwakuta, mmoja yuko uvunguni mwa lori anapambana na springi iliyokatika, mwingine anajieleza kwa askari wa barabarani, naye akapita zake na mzigo wake mzima. Zaidi ya miaka thelathini aliendesha malori ya masafa marefu na hakuliangusha hata moja. Dereva wa namna hiyo hapigiwi tarumbeta, na hilo ni kosa. Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani na makofi, na kesho yake usukani wake ukashikwa na mtu mwingine.

Nyumbani alikuwa na pikapu kuukuu iliyokaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, na alikuwa na mke ambaye hakuwahi kukaa bure hata siku moja. Mkewe ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Bi Pindo, kwa kuwa pindo lililopita mkononi mwake halifumuki mpaka nguo yenyewe ichakae. Ni mwanamke mrefu, goti moja linamsumbua, maneno yake ni machache, ila hayo machache yana makali.

Kila aliporudi safari, Taratibu alimsimulia mkewe aliyoyaona: ziwa ambalo asubuhi hufunikwa na ukungu mpaka unawasikia ndege bila kuwaona, mteremko unaojaa maua ya njano baada ya mvua, daraja jembamba ambalo hata madereva wenye mdomo mrefu hulivuka kimya. Halafu akamalizia, "Nikistaafu nitakupeleka." Bi Pindo alikuwa akiitikia kwa kichwa, akikata uzi kwa meno. Maneno hayo yalisemwa mara nyingi hata watoto wao wakayafanya mzaha. Mmoja akiomba kitu ambacho mwenzake hana nia ya kumpa, hujibiwa, "Nikistaafu nitakupeleka."

Sasa amestaafu. Na binti yao mkubwa, aliyeolewa mji mwingine, naye alikuwa na mipango yake. Ana watoto wadogo, amerudi kazini, anamtaka mama yake akakae naye moja kwa moja.

"Mama, nafasi ipo, cherehani yako inaingia vizuri tu," alisema kwenye simu. "Baba si ana pikapu lake la kuchezea?"

"Ngoja kwanza nione baba yako atatengeneza nini," Bi Pindo akajibu.

Taratibu alikuwa uani, chini ya dirisha, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Alisikia yote. Hakuwa mtoto, alijua mkewe akihamia kule harudi, na kila wiki watoto wale watazidi kumzoea. Mtu aliyengoja miaka yote ile ana haki ya kuchoka. Lakini hata kwa hofu ile hakujua kufanya kazi kwa pupa, basi akaanza kwa mwendo wake uleule.

Injini haikumpa shida, injini anazijua. Kazi ilikuwa kule nyuma, kwenye bodi, ambako alitaka kujenga chumba cha mtu kulala, kupika na kujistiri mvua. Fundi wa kuchomelea wa pale kona alimtengenezea fremu ya vyuma vyepesi, akaitazama, akacheka.

"Mzee, hili banda la njiwa?"

"La njiwa wawili," Taratibu akasema.

Nje alipiga bati jembamba, ndani akapiga plaiwudi, na katikati, ili jua lisiwaoke, akashindilia yale mapovu magumu meupe yanayokuja ndani ya maboksi ya friji. Alikwenda kuyaomba dukani siku baada ya siku, akirudi ameyabeba kichwani, na mtaa ukapata cha kuzungumza. Chumba kilipofunikwa, alijifungia ndani na kumwomba fundi wa kuchomelea akimwagie maji kwa mpira kutoka kila upande. Kona moja ikavuja, tone moja moja.

"Paka silikoni kwa juu, yaishe," fundi alimwambia.

"Nikipaka kwa juu, mimi nitajua kwamba chini panavuja."

Akabandua upande mzima na kuupiga upya. Fundi alitikisa kichwa, lakini tangu siku hiyo hakusema tena habari za banda la njiwa, akawa anakuja jioni kuangalia kazi imefika wapi, na wateja wake anakuja nao.

Na kazi ilikuwa ya kuangaliwa kweli. Kabati lilikaa upande wa kulia, juu ya lile bonge la bati linalofunika gurudumu, na milango yake ina makomeo, maana Taratibu anazijua barabara na anajua vyombo visivyofungwa huishia wapi. Vikombe viwili alivitobolea matundu yake kwenye rafu, kila kimoja kinazama mpaka kwenye mkono wake, hakichezi. Jiko la gesi alilikalisha kwenye ubao unaovutika nje kwa nyuma, mpishi apike amesimama, moshi na harufu viende zao. Ubao huo aliupima kwa kiwiko cha mkewe. Aliingia jikoni akijifanya anatafuta chumvi, akasimama karibu naye, akaweka alama kwa kidole kwenye fimbo ya ufagio. Ngazi ya kupandia aliishusha kwa ajili ya lile goti. Dirisha alilikata mahali ambapo macho ya Bi Pindo yangefika akiwa amekaa, na akaliwekea wavu wa mbu unaofunguka kwa zipu. Kila kitu alikipima, akakipima tena, ndipo akakata.

Kitanda tu ndicho hakukipima. Kitanda alikijua. Alikata mbao zake kwa mazoea ya mkono, upande wa kushoto, akazipiga skrubu huku anapiga mluzi. Kilipokwisha ndipo akachukua vipimo, akampelekea mkewe ashone foronya ya godoro la sponji.

Bi Pindo aliisoma ile karatasi, akairudia.

"Upana ndio huu? Futi mbili na robo?"

"Ndio huohuo."

"Una hakika, Baba watoto?"

"Mama, mimi nimelala kwenye kitanda hiki maisha yangu yote."

Bi Pindo alimtazama, tena kwa muda. Kisha akavuta kitambaa, akapiga mstari wa chaki, akakata. Alishona foronya ile vizuri mno, kona zimekaa, zipu imefichwa, mshono mara mbili. Tangu hapo akawa mkimya kuliko kawaida. Taratibu aliona, akadhani ni kazi za wateja zimembana.

Siku ya mwisho alipaka rangi milango, akafuta vioo, akajaza dumu la maji. Asubuhi yake alipoingia ndani kunywa chai alikuta begi la mkewe karibu na mlango, limejaa, limefungwa. Alijizuia asipige kelele. Alilibeba kwa mikono miwili, akalipeleka kwenye pikapu, likaingia kabatini bila kusukumwa, komeo likalia *ta*. Akasimama pale akitabasamu peke yake, mtu mzima na mvi zake.

Bi Pindo akatoka, amevaa nguo za safari.

"Nani kachukua begi langu?"

"Liko ndani ya gari! Njoo uone lilivyoingia."

"Litoe, Baba watoto. Binti yako anakuja kunichukua mchana."

"Kukuchukua kwenda wapi?"

"Kwake."

"Na safari yetu?"

"Nakutakia safari njema," Bi Pindo akasema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtisha Taratibu. Angegombezwa angejua pa kushika.

"Nimekukosea nini, Mama? Niambie."

Bi Pindo alimshika mkono wa shati, akampeleka mpaka nyuma ya pikapu. Akapiga godoro kwa kiganja.

"Panda ulale."

Taratibu akapanda, akalala chali. Bega moja liligusa ukuta, bega lingine likawa ukingoni.

"Haya," mkewe akasema, amesimama chini. "Mimi nalala wapi?"

Taratibu aliangalia kabati, vikombe viwili, dirisha, ngazi fupi. Alikuwa amekaa humo ndani majuma kwa majuma akimwona mkewe kila mahali: amesimama pale anapika, amekaa hapa anatazama nje. Ila amelala, hakumwona popote. Akajiinua, akakaa, mikono imemning'inia.

"Sikukipima," alisema. "Vyote nimepima, hiki sikukipima. Ni kile cha kwenye lori, Mama, kile cha nyuma ya viti. Mikono imekitengeneza yenyewe." Na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Hukupima?"

"Wallahi sikupima."

Bi Pindo alijishika kiuno. "Mwanamume anakuja jikoni kwangu anasema anatafuta chumvi, chumvi iko mbele ya pua yake, anapima kiwiko changu kwa fimbo ya ufagio. Unafikiri sikukuona? Nikasema, huyu mtu hakosei hata nusu inchi. Sasa akiniletea kitanda cha mtu mmoja, nielewe nini? Nimeelewa kwamba umeshazoea kuwa peke yako, na huna uso wa kuniambia."

"Nimezoea," Taratibu akakubali, na ni watu wachache wangelikubali neno hilo saa ile. "Lakini sipendi."

Mkewe akakaa kwenye ngazi, mgongo umemgeukia. Kuku wa jirani wakapita uani wakichakura.

"Na mimi nina kitanda cha futi tano mle ndani," alisema mwishowe. "Miaka yote hiyo nalala ukingoni, upande wangu. Ukiwepo, usipokuwepo. Nafasi yako sijawahi kuilalia."

Taratibu alishuka, akafungua sanduku la vifaa, akatoa msumeno. Alikuwa tayari kukibomoa kitanda chote, na pengine kabati pia, na vikombe viende huko.

"Wee, unataka kufanya nini?" Bi Pindo akauliza.

"Nabomoa."

"Unabomoa nini, kitu kizuri hivi? Weka msumeno chini." Alikuwa ameshasimama, macho yamebadilika, macho yale anayomtazamia mteja aliyenenepa akaja na gauni lake la harusi. Alinyoosha mkono juu ya ile njia ya kupitia, kutoka kitandani mpaka kwenye kabati. "Hapa katikati pana kazi gani watu wakishalala?"

"Hapana kazi."

"Basi hapa tunaongeza kipande."

Wakafanya kazi pamoja, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Taratibu alikata mbao nyembamba za kupishana na zile za kwanza, ili zivutwe usiku zikaegemee ukingo wa kabati, na asubuhi zirudishwe ndani. Safari hii alipima, mkewe akapima nyuma yake. Bi Pindo aliichana foronya yake mwenyewe, mshono mara mbili na yote, akaongeza kitambaa, akakata sponji ya pili kutoka kwenye kochi la zamani. Walibishana kuhusu nusu inchi, akashinda yeye.

Binti yao alipofika alimkuta baba yake amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na mama yake amekaa chini kwenye turubai, pini mdomoni.

"Mama, uko tayari?"

Kwa pini zile mama hakuweza kujibu. Alimwonyesha kwa kidole ashike ncha ya kitambaa. Binti akaweka mkoba chini, akashika, kwa mazoea ya tangu utotoni. Pini zilipokwisha ndipo mama akasema, "Tutakuja kukusalimu, mwanangu. Mimi na baba yako. Lakini kwanza tuna ziwa la kwenda kuliona."

"Na watoto wangu, Mama?"

"Tutakuja. Tukichoka kutembea, tutakuja."

Binti alimtazama baba yake, na baba yake akajifanya anatafuta bisibisi.

Kazi ilipokwisha, jua bado liko juu, ikabidi kitanda kijaribiwe. Fundi wa kuchomelea alikuwa amefika na wateja wake wawili, wamesimama uani mikono nyuma. Taratibu aliona haya, lakini akapanda. Akavuta mbao, akalaza sponji, akalala upande wa ukutani, mikono kifuani, magoti yamekunjwa. Bi Pindo akavua viatu, akapanda ngazi bila kushika popote, akajinyoosha kando yake. Kati yao palibaki nafasi ya kulaza mtoto.

Bi Pindo alitazama dari. Kisha akageuza kichwa.

"Mbona umejikunja hivyo?"

"Ndivyo ninavyolala."

"Hapa si kwenye lori. Nyoosha miguu."

Taratibu akanyoosha mguu mmoja, akasita, akanyoosha na wa pili. Ukafika mwisho wa godoro bila kugonga kitu.

"Sasa sogea huku," mkewe akamwambia.