Bomba Lililojengwa Juu ya Ngazi

Bomba la maji lilipofika kwetu Rugenge, wakubwa wa mtaa walisema limeletwa kwanza kwa ajili yetu sisi walemavu, wajane na wazee. Halafu wakalijenga juu ya ngazi! Mimi natembea kwa kinga, baiskeli ya magurudumu matatu, naizungusha kwa mikono. Ngazi sipandi.

Kwetu bido, dumu la kutekea maji, ndiyo inapanga foleni, mwenyewe anakaa kivulini. Kila bido yangu ilipofika mbele, mimi nilikuwa chini naita, na wenye miguu wanairudisha nyuma.

Asubuhi moja sikupanga bido. Nilipanga kinga yenyewe mbele ya ngazi, nikaziba njia, nikafunga freni.

"Mama, toa kinga, watu wanataka kupita!" msimamizi wa bomba alifoka.

"Miye pia niko muntu. Nataka kupita."

Jua likawa kali, sikusogea. Mama mjamzito akaja kukaa kando yangu, kisha mzee mwenye fimbo. Kesho yake waashi walileta simenti, wakajenga njia ya mteremko.

Siku ya kuifungua, msimamizi alisimama katikati yake akingoja nimshukuru mbele ya watu.

"Toka njiani," nikamwambia. "Napita."