Fundo Jekundu Upindoni

Mdomo wangu hauna breki, na siku niliyotakiwa kuufungua kwa neno moja la maana, ukagoma. Mimi ni fundi cherehani, wa magauni. Tuko watatu katika chumba chenye dirisha moja: mimi, mkata vitambaa tunayemwita Kijembe, na dada mmoja mpole wa vifungo. Jumamosi moja Kijembe aliazima gari la kaka yake, akasema twende daraja la zamani, na sisi tukashangae kama watalii.

Daraja hilo lilikuwa mpaka. Huku sisi, kule wa ng'ambo, katikati askari na mageti. Bila kibali huvuki hata kwenda kumzika mzazi wako. Mageti yaling'olewa, maneno yakabaki. Mpaka leo huku kwetu mtu akichelewa kazini au akisema uongo, utasikia: huyo wa ng'ambo.

Sasa, wa ng'ambo ni mimi. Mama alikwama upande huu nikiwa mchanga, nikalelewa kule na mdogo wake. Mageti yalipong'olewa nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama akaja kunichukua. Siku ileile akaniambia, "Ukiulizwa, umezaliwa huku." Nikalishika hilo kuliko sala. Hata garini, Kijembe alipotoa kichekesho chake kuhusu wa ng'ambo, mimi nilitoa viwili. Dada wa vifungo alishika mbavu.

Nilijua fika kwamba mama mdogo anatunza makumbusho pale darajani, kwenye kibanda cha ukaguzi cha zamani. Nikajipa moyo kuwa Jumamosi hayupo. Tulipoingia, huyo hapo kwenye kiti karibu na mlango, amevaa gauni la kijani nililomtumia mwezi uliopita. Aliponiona akaanza kuinuka, uso wote umefunguka, mikono ishaanza kunyooka.

Nikageukia picha za ukutani. Askari, mbwa, foleni ya watu na mabegi yao. Nilizisoma zote kama mtu anayesubiri mtihani. Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia, amekaa tena.

Ningepona hapo, lakini ukitembea na mafundi, hawaangalii daraja, wanaangalia nguo. Kijembe alisimama mbele ya mama mdogo, kichwa upande, akamwamkia vizuri, kisha akaniita. "Wee, hebu njoo. Hii kola si mkono wako?"

"Kola zinafanana," nikasema.

Kijembe si wa kuachia. Aliomba samahani, akainama, akapindua upindo kwa kidole. Pale kwenye mshono wa ubavuni palikuwa na fundo dogo la uzi mwekundu. Kila nguo yangu naifungia hivyo, na chumba kizima wanajua. Hawajui tu kwamba aliyenifundisha ni mama mdogo, mimi nimekaa miguuni pake, sindano ikinichoma.

"Kuna mtu kaniiga," nikasema. "Mtu wa ng'ambo mimi nimjulie wapi?"

Mama mdogo alinitazama kidogo tu. "Nilinunua mtumba, mwanangu," akamwambia Kijembe. Kisha akanisogezea kitabu cha wageni na kalamu. "Karibu, mgeni. Andika jina, na upande unaotoka."

Niliandika upande huu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na mpaka leo hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Wakati wa kurudi hakuna aliyetoa kichekesho. Nusu ya njia Kijembe akapunguza mwendo, macho barabarani. "Kitambaa kile cha kijani nilikikata mimi," akasema. "Mwezi uliopita, juu ya meza yetu. Uliniambia ni cha mteja."

 Dada wa vifungo akafungua dirisha, akaangalia nje.

Jioni nikampigia mama mdogo. Nilikuwa nimepanga mengi. Nikasema nisamehe tu. Akaniuliza kama tumefika salama.

"Tumefika."

"Haya. Ukinishonea lingine, mwanangu, usitie lile fundo. Nisije nikakuaibisha tena mbele ya wenzako."